Apimwe kabla, afunzwe baadaye, au aulizwe barazani? Njia nne za kumpata mwakilishi wadi anayeijua kazi yake

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha madrasa. Wanaume walikaa upande wa madirisha, wanawake kwenye mikeka upande wa nyuma, na juu ya meza kulikuwa na kitabu kinene cha makadirio ya bajeti, Kiingereza kitupu kuanzia jalada hadi mwisho. Ulikuwa mkutano wa kuwashirikisha wananchi katika wadi moja hapa Lamu, nami nilikuwa nimeombwa niandike kumbukumbu. Mama mmoja aliyempakata mtoto aliinua mkono.

"Mheshimiwa, zahanati yetu haina dawa, huu mwezi wa tatu. Nimuulize nani?"

Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi hiyo katika bunge la kaunti, alimjibu kwa upole. "Mama yangu, mambo ya afya yako Nairobi, kwa serikali kuu. Sisi huku huomba tu."

Mama akasema ahsante, akakaa. Mimi kalamu ilinigandia mkononi. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaziweka zahanati na vituo vya afya chini ya serikali ya kaunti, wazi kabisa. Mtu wa kuulizwa alikuwa ni yuyo huyo aliyesimama mbele yake, kwani yeye na wenzake ndio wanaopitisha pesa za dawa. Sikuona hila usoni mwake. Hakuwa anamdanganya mama yule, hakujua.

Tangu siku hiyo, swali ambalo hurudi kila mara Mkunguni, uwanja wa baraza hapa Amu, yaani mji wa Lamu, baada ya swala ya alasiri, kahawa ikizunguka, limekuwa langu pia. Mtu anayeomba kura apimwe kwanza kama anaijua kazi anayoiomba? Hoja inayotolewa zaidi ni ya bahari: nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu hutakiwa awe na cheti, basi iweje anayeshika bajeti ya kaunti nzima asiulizwe hata swali moja? Ni hoja nzuri, na kwa muda mrefu niliishikilia. Lakini abiria hawamchagui nahodha kwa kura, wala nahodha hatumwi na abiria kwenda kuwasemea. Mwakilishi anatakiwa ajue, na anatakiwa awe wa watu wake. Njia ya kumpima inaweza kulijenga moja ikalibomoa la pili, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimezipanga hapa njia nne zinazozungumzwa, nizitazame zote kwa vigezo vile vile.

Vigezo

Kwanza, njia hii inapima nini hasa: ujuzi wa kazi, au kitu kingine kilichovaa nguo za ujuzi? Pili, inamwacha nani nje? Tatu, ufunguo uko mkononi mwa nani, yaani ni nani anayesema huyu amefaulu na huyu ameshindwa? Nne, sheria inasemaje, na gharama yake ni nini katika kaunti yenye visiwa, ambako kutoka Kiunga hadi Witu ni safari ya bahari na barabara?

Na ujuzi ninaousema si wa kukariri. Mwakilishi wadi, au diwani kama wazee wetu wanavyoendelea kumwita, anahitaji kujua mambo matatu. La kwanza ni mipaka ya mamlaka: kwamba zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi, uvuvi, masoko na vivuko vya kaunti ni vya kwao, na polisi, shule za msingi na sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Anayekuahidi kuwa ataleta kituo cha polisi na hatimiliki za mashamba anakuahidi kitu kisichomo mkononi mwake. La pili ni kalenda ya fedha: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, na bajeti ipitishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Asiyeijua kalenda hii hufika na ombi la kisima mwezi Julai, mlango umeshafungwa. La tatu ni haki za wananchi, kama ibara ya 196 inayolitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na liwashirikishe watu.

Njia ya kwanza: mtihani kabla ya kuidhinishwa

Mgombea anafanya mtihani wa Katiba na ugatuzi, na asiyefikisha alama jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura.

Ukitungwa vizuri, mtihani huu unapima kile kile tunachokitafuta. "Mwalimu wa chekechea huajiriwa na nani?" "Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bungeni lini?" Mfano unaojulikana ni wa wageni wanaoomba uraia wa Marekani. Kwa miaka mingi walipewa orodha ya maswali 100 yaliyotangazwa hadharani, wakaulizwa 10 kwa mdomo, na kupita ilikuwa ni kujibu 6. Kizuri hapo ni uwazi: kila mtu anajua kitakachoulizwa, na kujifunza kwenyewe ndiyo faida. Ukitungwa vibaya, hupima lugha. Mvuvi wa Faza anayeweza kukueleza kwa Kiswahili fasaha pesa za wadi zinavyotoka mfuko wa kaunti hadi kwa kontrakta, ukimpa karatasi ya Kiingereza atashindwa na kijana aliyesoma mbali asiyejua hata bajeti inasomwa lini. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtihani usiokuwa na Kiswahili hapa kwetu ni wa dhuluma.

Jambo hili si geni Kenya. Katiba ya zamani ilimtaka mgombea ubunge awe anaweza kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge, na wagombea walikuwa wakipimwa lugha. Mbali zaidi, katika jimbo la Aceh, Indonesia, wagombea Waislamu hupimwa kusoma Kurani mbele ya watu. Nikiutaja mfano huo kwa wazee wetu, wengi huupenda papo hapo, na naelewa sababu. Hata hivyo kuisoma Kurani kwa tajwidi ni jambo tukufu lenye mahali pake, na hakukuambii kama msomaji anajua kukagua hesabu za zahanati.

Linalonitia hofu zaidi ni ufunguo. Majimbo ya kusini mwa Marekani yaliwapima wapiga kura kusoma na kuandika, na msajili mwenyewe ndiye aliyeamua nani kapita. Kwa njia hiyo Wamarekani weusi walizuiwa kupiga kura kwa miongo mingi, hadi sheria ya haki za kupiga kura ya 1965 ilipoikomesha. Wala tusiseme hayo ni ya mbali. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, kipato na mali, na mtu mmoja aliweza kupata hadi kura 3 huku jirani yake asipate hata moja. Kila mtihani una mtu aliyeutunga, na mtu huyo ana watu wake.

Kisheria mlango haukufungwa. Ibara ya 193 inasema mgombea atimize masharti ya elimu na maadili yatakayowekwa na Katiba au sheria ya Bunge. Lakini ibara ya 38 inampa kila raia mtu mzima haki ya kugombea bila vikwazo visivyo vya maana, na mtihani wa kuzuia watu utafikishwa mahakamani asubuhi ya siku ya kwanza. Gharama nayo si ndogo: kote Kenya kuna wadi 1,450, na kila moja ina wagombea wengi.

Iko sura nyingine ya njia hii ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: wagombea wote wapimwe, matokeo yabandikwe ukutani, na asizuiwe mtu. Aliyepata 3 katika 10 aendelee na kampeni yake, ila watu wawe wanajua. Hapo ufunguo unabaki kwa mpiga kura.

Mtihani unawafaa wanaochoshwa na ahadi za uongo na wanaotaka kipimo kimoja kwa wote. Hauwafai wanaoishi mahali ambapo hawana imani na anayesahihisha.

Njia ya pili: cheti au shahada

Hapa sina mengi. Karatasi ya chuo inapima kama mtu alipata nafasi ya kusoma, basi. Mtu anaweza kuwa na shahada ya kilimo au biashara asijue bunge la kaunti linafanya nini.

Kinachoniuma ni anayeachwa nje. Katika wadi ya Basuba, shule za msingi za vijiji vya Waaweer, watu tunaowaita Waboni, zilifungwa miaka mingi kwa sababu ya ukosefu wa usalama uliozidi tangu 2014. Mtoto aliyekosa darasa la tatu kwa sababu mwalimu amekimbia, leo umwambie hawezi kuwasemea watu wake kwa kuwa hana shahada? Na ni nani anayeijua shida ya msitu wa Boni kumliko yeye?

Ufunguo uko kwa vyuo, na hilo lina faida moja ya kweli: chuo hakimjui mgombea wala mpinzani wake, na mtungaji wa mtihani hawezi kumwinda mtu. Hasara yake ni vyeti bandia. Pakistan iliweka sharti la shahada kwa wabunge mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya huko ikalifuta 2008, na baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya waliochaguliwa walikuwa na shahada za kughushi. Kwetu, sharti la shahada kwa wawakilishi wadi lilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2021 kuwa kinyume na Katiba, na 2022 watu waligombea bila hilo. Rais na gavana bado wanatakiwa wawe nayo.

Kwa mtu anayeajiri wakuu wa idara, walio na kazi za kitaalamu za kila siku, njia hii ina mantiki. Kwa mwakilishi wa wadi sijaona bado inamfaa nani.

Njia ya tatu: mafunzo ya lazima baada ya kuapishwa

Watu wachague wamtakaye, kisha aliyechaguliwa afunzwe kabla ya kuketi kwenye kamati. Mafunzo ya namna hii yapo tayari. Baada ya kila uchaguzi wawakilishi wapya huitwa semina wakafundishwa kanuni za bunge, utungaji wa miswada na usomaji wa bajeti. Tofauti inayopendekezwa ni kuyafanya yawe na mwisho unaopimika: asiyemaliza asipewe uenyekiti wa kamati, na mahudhurio yake yatangazwe wadini.

Mafunzo yenyewe hayapimi chochote ila yakiwa na zoezi mwishoni. Lakini hayamwachi mtu nje, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Mama wa Mkunumbi aliyechaguliwa kwa sababu alisimamia kikundi cha akina mama kwa miaka kumi anaingia na busara yake, na kinachopungua anaongezewa. Hata yule mheshimiwa wa kwenye madrasa, naamini siku mbili za kukaa na Jedwali la Nne kwa lugha yake zingetosha kumpa jibu sahihi.

Ufunguo uko kwa bunge la kaunti lenyewe, na hapo pana udhaifu. Wanaotakiwa kusimamiwa ndio wanaopanga semina iwe wapi, ya siku ngapi, na posho kiasi gani. Nimeona ratiba ambayo safari na chakula vilichukua nafasi kubwa kuliko somo. Kama mafunzo yangefanyika hapa hapa Amu au Mokowe, kwa Kiswahili, na milango wazi kwa wananchi wanaotaka kusikiliza, pesa zingepungua na faida ingeongezeka, maana mama wa zahanati naye angekaa nyuma akasikia.

Kisheria haina tatizo. Upungufu wake ni wa wakati: inakuja baada ya kura kupigwa. Aliyekudanganya kwa hatimiliki ameshaingia, na ana miaka mitano.

Inawafaa watu waliomwamini mgombea wao kwa tabia na ukaribu wake, wanaotaka awe na ujuzi pia. Haiwasaidii walio bado katikati ya kampeni, wanajaribu kuchuja maneno.

Njia ya nne: maswali ya hadhara kabla ya kura

Wagombea wote wa wadi waitwe mahali pamoja, waulizwe maswali yale yale, na majibu yaandikwe. Mkunguni ni mahali pake, au uwanja wa Witu, au chini ya mti wowote kule wadi ya Hindi. Hakuna anayefeli. Watu wanasikia, wanakwenda nyumbani, wanaamua.

Kipimo hiki ni kizuri kuliko karatasi kwa jambo moja: swali linaweza kufuatwa na swali. Mgombea akisema "Nitaleta gati jipya," mtu wa boti anamuuliza, "Katika bajeti ya mwaka upi, na hoja utaipeleka kamati gani?" Jibu la kukariri linaishia hapo. Ubaya wake ni kwamba pia kinapima ulimi. Tunawajua watu wenye maneno matamu wasiokuwa na kitu ndani, na tunawajua wakimya wanaofanya kazi.

Anayeachwa nje hapa si mgombea, ni muulizaji. Kwenye baraza letu mwenye sauti kubwa huuliza mara tatu, na mwanamke aliye nyuma ya pazia haulizi hata mara moja. Nimeona dawa yake ikifanya kazi: maswali yakusanywe siku mbili kabla kwa vikaratasi, kutoka nyumba hadi nyumba, yachanganywe kwenye kikapu, na msimamizi ayasome bila kutaja ya nani. Katika kikao kimoja, vikaratasi vingi vilihusu maji na dawa, na vichache sana vilihusu mambo ambayo wanaume walikuwa wameyabishania mwezi mzima.

Wapo wanaosema mwananchi wa kawaida hana ujuzi wa kumpima mgombea. Historia ya Lamu yenyewe inawajibu. Wavuvi na wakazi wa hapa walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu bandari ya Manda Bay. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600, na ikaona pia kwamba serikali ya kaunti ilistahili kuhusishwa katika mradi. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hizo zilibebwa na watu wa pwani hii, wakiwemo watu wa nyavu na dema, waliokaa barazani wakasomeana ibara moja moja mpaka wakazielewa. Watu hao wana ujuzi wa kutosha kumuuliza mgombea udiwani kazi yake ni nini.

Ufunguo uko kwa watu wenyewe, mradi msimamizi asiwe wa kambi yoyote. Imamu mwenye mradi wake kwa mgombea hafai, wala mwalimu ambaye shemeji yake anagombea. Sheria haizuii chochote. Gharama ni maikrofoni na kahawa, pamoja na nauli ya boti kwa visiwani. Udhaifu wake uko wazi: mgombea mwenye pesa anaweza asije, akapita usiku nyumba hadi nyumba na bahasha, na hakuna wa kumlazimisha.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama shida ya wadi yenu ni ahadi zisizowezekana, mkichoka kuahidiwa polisi na walimu wa sekondari na mtu asiyekuwa na uwezo huo, anzeni na maswali ya hadhara, na muidai tume ya uchaguzi mtihani wa kutangaza matokeo usiomzuia mtu. Msikubali mtihani wa kuzuia kabla hamjajua nani anautunga, nani anausahihisha, na kama upo kwa Kiswahili.

Kama mwakilishi wenu ni mtu mwema, amezaliwa kwenu, anafika matangani na harusini, ila bungeni hasikiki, mtihani na shahada vitampoteza bure. Pelekeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, sheria inampa kila mtu haki hiyo, mtake mafunzo ya lazima kwa Kiswahili na ripoti ya mahudhurio isomwe wadini.

Kama mnaishi Basuba, Kiunga au kijiji chochote ambako shule zilikatika, lipingeni sharti la shahada kila litakaporudi, na litarudi. Kwenu maswali ya hadhara yanafaa zaidi, hata wakiwa watu thelathini chini ya mti.

Kama wewe mwenyewe ndiye unayetaka kugombea 2027, usingoje kupimwa. Tafuta nakala ya Katiba ya Kiswahili, usome Jedwali la Nne, sehemu ya pili, hadi uweze kulieleza bila kitabu. Kisha nenda ukae kwenye mkutano wa bajeti wa mwezi Februari kama mwananchi, nyuma, usikilize.

Na kama una nafasi ya swali moja tu, mgombea amesimama mbele yako na watu wanasubiri, chukua la yule mama: zahanati yetu haina dawa, nimuulize nani? Akikuambia Nairobi, mwombe akae chini, umsomee ukurasa.